Onaga, Mfalme Joka: safari ijayo tutamshika wenyewe?

#1 – Mwanzisha uzi

Wakuu, heshima kwenu nyote. Leo naomba tumjadili mtu mmoja tu, Onaga, na swali lenyewe ni hili: gemu nyingine ya mapigano ya Mortal Kombat ikija, huyu Mfalme Joka atakuwa mkononi mwetu, au ataketi tena kileleni akitusubiri atuponde?

Nianze na wasiomjua. Mortal Kombat: Deception, gemu yake, ilitoka mwaka 2004. Inafunguka kwa Raiden, Shang Tsung na Quan Chi, watu wasioiva chungu kimoja, wakisimama bega kwa bega kwa sababu kinachowajia kinawazidi wote watatu. Wanammwagia kila walicho nacho. Yeye anatembea tu. Mwishowe Raiden anajilipua, jumba zima linakwenda, na vumbi linapotulia Onaga amesimama palepale. Nimecheza gemu nyingi za mapigano na sijaona adui aliyeingizwa kwa kishindo kama kile.

Lililonigusa zaidi lakini ni Konquest, ile sehemu ya safari ndefu ndani ya gemu. Pale unamwongoza Shujinko kuanzia ujana hadi mvi, unavuka ulimwengu mmoja hadi mwingine kukusanya Kamidogu sita, vitu vitakatifu vyenye nguvu, ukiamini unaitumikia Miungu Wakuu kupitia mjumbe wao Damashi. Kumbe Damashi ndiye Onaga. Kwa hiyo aliyedanganywa si Shujinko peke yake. Ni mimi niliyeshika pedi saa zote zile, nikimkusanyia silaha mtu ambaye baadaye angenisaga nazo. Huyu jamaa ana deni na kila mmoja wetu aliyemaliza ile safari.

Na baada ya yote hayo, kumchagua huwezi. Noob Saibot na Smoke, waliokuwa kizingiti kabla yake, unaweza kuwachukua. Toleo la GameCube (mashine ya Nintendo) la mwaka 2005 likaongeza Goro na Shao Kahn, nao wakachezeka. Onaga, mlango umefungwa.

Najua mtaniambia, "Mkuu, mbona Armageddon ya 2006 alichezeka?" Ni kweli, alikuwemo. Lakini Armageddon ilibeba wapiganaji zaidi ya sitini kwa mpigo. Fatality, yale mapigo ya kumuua aliyeshindwa, zilikuwa za kuunganisha vipande kwa vitufe, karibu kila mtu akizitumia zilezile. Onaga aliwekwa pale kama mgeni aliyeitwa harusini ili idadi itimie. Mimi simhesabii.

Sasa hoja yangu kuu. Tazameni NetherRealm, watengenezaji wa Mortal Kombat, wamefanya nini tangu 2011. Mwaka ule Shao Kahn, Goro na Kintaro wote walikuwa wa kupigana nao tu. Halafu upepo ukageuka:

Mortal Kombat X, 2015: ukiagiza mapema unampata Goro. Ukimaliza hadithi unamfungua Shinnok.
Injustice 2, 2017: ukiagiza mapema, Darkseid. Ukimaliza hadithi, Brainiac.
Mortal Kombat 11, 2019: ukiagiza mapema, Shao Kahn.
Mortal Kombat 1, 2023: ukiagiza mapema, Shang Tsung.

Mnaona? Kile kiti cha kuagiza mapema kimegeuka kiti cha watawala. Wamekalia Goro, Darkseid, Shao Kahn na Shang Tsung, na hakuna hata shujaa mmoja aliyewahi kukigusa. Nikiwataja wafalme wakubwa wa Mortal Kombat ambao bado hawajakikalia, jina la kwanza linalonijia ni Onaga. Nipingeni.

#2

Mkuu, uzi mzuri na orodha yako ni ya kweli, ila nakupinga.

Umemruka Kronika, adui mkuu wa Mortal Kombat 11. Gemu ilitoka 2019, ikaja nyongeza yake Aftermath Mei 2020, ikaja Ultimate mwishoni mwa mwaka uleule. Walileta RoboCop, wakaleta Rambo, wakaleta Joker. Kronika, ambaye hadithi nzima ni yake, hakuwahi kuchezeka. Kwa hiyo utaratibu wako una tundu, na tundu lenyewe liko mahali ambapo Onaga angekaa: adui aliye juu ya wote, anayetakiwa kuwa mkubwa kuliko kanuni za pambano.

Mimi nataka abaki bosi, adui wa mwisho unayepigana naye tu. Nilipokutana na Shao Kahn wa 2011 nilipigwa mpaka nikaweka pedi chini nikatoka nje kupunga hewa. Alikuwa anakudhihaki katikati ya pambano na bado anakushinda. Hofu ile ilikuwa tamu. Shao Kahn wa 2019 nimemchagua mwenyewe, nimempigia mechi nyingi, na sikuwahi kumwogopa tena. Nyundo ileile, sauti nzito ileile, lakini sasa ni mmoja wa wachezaji. Nakuomba usinifanyie hivyo kwa Onaga.

#3

Naingia upande wa ufundi kidogo, maana watu wakisema "mwekeni tu" wanafikiri ni kazi ya kufungua kufuli.

Bosi hajengwi kama mchezaji. Gemu hizi zinakwenda fremu (picha) 60 kwa sekunde, na kila pigo la mpiganaji wa kawaida lina hesabu yake: fremu ngapi kabla halijagusa, ngapi likiwa hatari, ngapi mwenyewe akiwa wazi baada ya kukosa. Usawa wote unakaa kwenye hesabu hiyo. Bosi anaruhusiwa kuivunja. Anapigwa bila kutikisika, pigo lake moja linakula robo ya damu yako, na mara nyingi hana hata mapigo ya kutosha kujaza orodha, kwa sababu kompyuta haihitaji aina nyingi ili ikuumize. Ukimchukua alivyo ukampa mtu, umeharibu gemu. Ukimjenga upya, ni kazi ileile ya kujenga mpiganaji mwingine kutoka sifuri.

Halafu kuna mwili. Onaga ana mabawa, ana mkia, na ni mrefu kuliko wote. Eneo lake la kupigika litakuwa kubwa kama mlango wa gereji. Kombo ambazo kwa Liu Kang zinakosa, kwake zitaingia zote. Kuna pia suala la kumruka: mtu anapokuruka ili akupige mgongoni, anahitaji kujua mwili wako unaishia wapi. Mabawa yakihesabika, hakuna atakayemruka. Yasipohesabika, mapigo yatapita katikati ya ngozi na macho yatakataa.

Na Mortal Kombat ina mzigo wake wa pekee, Fatality. Kila mpiganaji lazima aweze kumkata, kumpasua na kumkunja kila mpiganaji mwingine. Mtu mwenye mikono minne kama Goro anaichanganya kazi hiyo yote. Walimudu 2015, hilo nawapa. Lakini mabawa na mkia pamoja?

#4

Mkuu wa #3, samahani nikukatize hapohapo kwenye hoja ya "mkubwa mno", maana sisi wa Smash (Super Smash Bros., gemu ya mapigano ya Nintendo) tuliishi na maneno hayo mawili kwa miaka.

Ridley ni adui wa Samus, shujaa wa gemu za Metroid, tangu ile ya 1986. Kwenye Smash Bros. Brawl ya 2008 alikuwa bosi. Watu wakaomba achezeke, jibu likawa ni mkubwa mno. Aprili 2014, Nintendo walipokuwa wanaonyesha Smash mpya, kivuli cha mabawa kikapita kwenye uwanja wa Pyrosphere. Jamani, kile kivuli! Watu walikipima. Walichukua picha ya uwanja, wakachukua kimo cha Samus, wakachora mistari, wakathibitisha kwa hesabu kwamba kivuli kile ni cha kiumbe mdogo kuliko bosi, kwa hiyo lazima ni mpiganaji. Niliamini kila mstari. Gemu ikatoka. Ridley alikuwa kikwazo cha uwanjani, anaruka huku na kule, anaweza hata kujiunga na anayempiga zaidi. Sakurai mwenyewe, mwongozaji wa Smash, alieleza kwamba kumfanya mpiganaji kungelazimu kumpunguza au kumnyima uhuru wa kuruka, na huyo asingekuwa Ridley wa kweli.

Mimi niliacha kutumaini siku ile. Nilisema basi, nimezika.

Juni 2018, maonyesho ya gemu ya E3, trela ya Smash Ultimate inakaribia kuisha. Giza. Mkia unamchoma Mega Man. Mario anakamatwa. Kisha Ridley anatokea ameshika kofia ya Mario kwa makucha. Nililia, sioni aibu kusema. Miezi miwili baadaye akaja King K. Rool, adui wa Donkey Kong. Wote wawili walikuwa wameshahesabiwa marehemu.

Na walimfanyaje yule "mkubwa mno"? Walimwinamisha. Ndiyo hivyo tu. Ridley wa Ultimate anatembea amekunja mgongo, mabawa ameyabana, anayatandaza anaporuka na kwenye mapigo machache. Amepungua kimo, lakini anavyosogea, anavyomburuza mtu sakafuni, ni yeye. Ukimwangalia humwoni mdogo. Unamwona mnyama aliyejikunja kabla ya kuruka.

Kwa hiyo Onaga akunjwe mabawa yakae kama joho mgongoni. Mfalme si ana joho?

#5 – Mwanzisha uzi

Dada wa #4, mabawa kama joho. Nimeinuka kwenye kiti.

Narudi kwa mkuu wa #2, maana hoja yake ndiyo nzito kuliko zote hapa na sitaki niipite. Anasema adui akichezeka, hofu inakufa. Nimeifikiria tangu jana na nadhani tunachanganya aina mbili za hofu.

Ya kwanza ni ya kupigwa. Shao Kahn wa 2011 alikutisha kwa sababu alikuwa anadanganya kwenye hesabu, na hesabu ikirudi sawa hofu inaondoka. Hiyo nakubali. Lakini kuna hofu nyingine, ya kumjua mtu anavyowaza. Hiyo haipatikani ukiwa upande wa pili wa skrini. Inapatikana ukiwa ndani yake.

Mfano wangu ni Asuka wa Guilty Gear. Tangu gemu ya kwanza ya mwaka 1998 aliitwa tu Yule Mtu. Ndiye aliyesababisha karibu kila msiba kwenye hadithi, na kwa miaka ishirini na tano hukuweza kumchagua. Mei 2023 wakamleta kwenye Guilty Gear Strive. Wangeweza kumpa miale mikubwa na milipuko, watu wangeshangilia. Badala yake wakampa vitabu na maneno ya uchawi yanayokuja mkononi kama karata, huwezi kuamua lipi linafuata, na nguvu za uchawi unazozichunga kama maji jangwani, maana zikiisha kila pigo linalokupata linaumiza mara nyingi zaidi. Mwili wake ni dhaifu. Kila sekunde unafanya hesabu. Baada ya mechi kumi nilielewa jambo ambalo hadithi ilikuwa inalieleza kwa maneno miaka yote: huyu ni mtu anayepanga mambo mazito kwa vitu visivyotabirika, na akikosea kidogo anaangamia. Nilimwogopa zaidi baada ya kumcheza.

Happy Chaos ni vilevile. Aliingia Novemba 2021, adui wa hadithi ya Strive, akiwa na bastola kwenye gemu ya panga na ngumi. Anayepigana naye anajisikia anaonewa, na anayemcheza anajisikia anaonea. Huo ndio uadui wenyewe, umehamishiwa kwenye vidole.

M. Bison sasa. Street Fighter II ya 1991 ilikuwa na mabosi wanne, Balrog, Vega, Sagat na yeye, wote wamefungwa. Mwaka uliofuata Champion Edition ikawafungua wote. Zaidi ya miaka thelathini watu wamemcheza Bison, na je, amekoma kuwa adui? Street Fighter V alikufa. Juni 2024 akarudi kwenye Street Fighter 6 hana kumbukumbu, joho limechanika, anatembea na farasi, na bado mwili wake unakumbuka uovu ambao akili imeusahau. Anakupachika bomu la Psycho Power mwilini, unaendelea kupigana ukijua limo. Jambo hilo nalijua kwa sababu nimelifanya mimi kwa mikono yangu, na nimemwona mwenzangu akirudi nyuma kwa woga.

Kuhusu Kronika nakubali, ni tundu. Ila tazama pambano lake: linakupitisha zama moja hadi nyingine, anatawala wakati wenyewe. Nguvu yake iko kwenye uwanja. Ukimtoa humo unabaki na nini? Onaga nguvu yake iko mwilini. Ni ngozi isiyopenyeka, moto na ubavu. Mtu wa namna hiyo ndiye anayefaa kuwa mpiganaji.

#6

Hivi kwa nini tunabishana kama ni lazima kuchagua moja? SNK, watengenezaji wa The King of Fighters (KOF), walishamaliza kesi hii. Bosi wao Omega Rugal alipokuja KOF XV Aprili 2022 alikuja bure, na alikuja wawili: mmoja wa kumchagua, aliyewekwa sawa na wengine, na mwingine wa changamoto ya bosi, yule mkatili tuliyemzoea tangu miaka ya tisini. Unayetaka kuteswa, nenda kateswe. Unayetaka kutesa, karibu.

Hata NetherRealm wenyewe walishafanya. Shinnok unayemfungua si yule jitu lililooza unalopigana nalo mwisho wa hadithi. Ni mtu mmoja mwenye sura mbili, na moja tu inachezeka.

#7

Ni mimi wa #2. Mkuu wa #6 amenitoa njiani nusu. Onaga wa kuchezeka akiwa ndiye mtu, na Onaga bosi akiwa ndilo joka, naweza kuishi na hilo. Ila natoa sharti: yule bosi asiguswe na sasisho lolote la kupunguza makali. Abaki vile.

(Bado Kronika ananisumbua, mwanzisha uzi. Jibu lako ni zuri lakini Asuka naye nguvu yake haiko mwilini, na wakamjenga. Kwa hiyo wangetaka wangeweza.)

#8

Jamani mbona mnahangaika? Kuna picha nimetumiwa, orodha nzima ya wapiganaji wa gemu ijayo, na kuna uso wa joka kabisa pale pembeni. Naambiwa imetoka kiwandani kunakochapwa maboksi.

#9

Kaka wa #8, nakuheshimu, lakini naomba uishike hiyo picha kwa koleo.

Oktoba 2018 ilisambaa picha ya bango la Smash Ultimate lenye wahusika wapya, Geno yumo, Shadow yumo. Watu waliiamini kwa sababu moja ya busara kabisa: pembeni yake kulionekana vifaa vya matangazo ya filamu ya The Grinch, vitu ambavyo mtu wa kawaida asingevipata. Wakasema aliyepiga lazima anafanya kazi kwenye uchapaji. Hadithi yako ya kiwandani, neno kwa neno. Novemba 1 Nintendo wakatangaza wapiganaji wao wa mwisho. Geno hakuwepo, Shadow hakuwa mpiganaji. Wapo waliosikitika kana kwamba wamenyang'anywa kitu, ilhali hawakuwa wameahidiwa na yeyote.

Sisemi kila kinachovuja ni uongo. Juni 2022 michoro ya wapiganaji 22 wa Street Fighter 6 ilivuja, na Capcom, wenye gemu, wakatoa taarifa ya kukiri. Gemu ilipotoka Juni 2023 ilikuwa na 18, na wanne waliobaki, Rashid, A.K.I., Ed na Akuma, wakaja mmoja mmoja katika mwaka wa kwanza. Ishirini na mbili kamili. Tazama tofauti: ile ya kwanza ilikuwa picha moja ya bango, imepigwa kiupande. Hii ya pili ilikuwa michoro ya kila mtu, kwa mkono mmoja, yenye mitindo ambayo hakuna shabiki angeibuni. Ukiniuliza mimi, uongo huletwa na majina uliyokuwa unayataka tayari. Ukweli mara nyingi huja na mtu ambaye hukumwomba. Nani alikuwa anamwota A.K.I.?

Kwa hiyo swali langu kwako, kwenye hiyo orodha kuna mtu yeyote ambaye hakuna anayemjua?

#10

Hakuna, mkuu. Wote ni vipenzi vya watu. Nimekuelewa. Naifuta.

#11

Ila wadau, tetesi tusizidharau kabisa, maana kwenye gemu hizi zimewahi kuzaa watu.

Mortal Kombat ya kwanza, 1992, ilikuwa na ukurasa wa hesabu za ndani ya mashine, na humo kulikuwa na neno ERMACS. Lilikuwa kifupisho cha waandishi wa programu kuhesabu hitilafu. Wachezaji walipoliona wakasema kuna ninja wa siri anaitwa Ermac, mwekundu. Hakuwepo. Wakaendelea kusema. Mwaka 1995, Ultimate Mortal Kombat 3 ikaja na ninja mwekundu aitwaye Ermac. Leo ana hadithi yake, ana roho nyingi ndani ya mwili mmoja, na wapo wanaomcheza yeye tu. Baba yake ni kosa la kusoma.

Street Fighter II hivyohivyo. Maneno ya Ryu baada ya kushinda yalitafsiriwa vibaya Kiingereza, yakasema lazima umshinde Sheng Long. Jarida la EGM likachapisha utani wa Aprili 1992 likieleza namna ya kumfikia huyo Sheng Long, mwalimu anayejitokeza mwishoni. Watu wakakesha kwenye mashine. Miaka miwili baadaye, Super Street Fighter II Turbo ikamleta Akuma, bosi wa siri anayemwangamiza Bison mbele ya macho yako kisha anakugeukia wewe. Wengi tunaona ule utani ndani ya Akuma.

Na kwa Onaga mna bahati mliyoisahau: Ermac wa Deception ndiye aliyeungana na roho ya Liu Kang kuwakomboa Kung Lao, Kitana, Johnny Cage, Sonya na Jax, ambao Onaga alikuwa amewafufua na kuwafanya watumwa. Mnaomtaka Onaga mleteni na hilo. Adui anayepigana kwa kutumia wapendwa wako waliokufa.

#12 – Mwanzisha uzi

Mkuu wa #11, hapo umeniwashia taa. Nilikuwa nimeshaandika mapigo ninayomtakia, nimeyafuta nusu nikaanza upya. Ngoja niwamwagie, mnisahihishe.

Kimo: kama Goro wa 2015, si zaidi. Mabawa yamekunjwa kama joho, kama alivyosema dada. Yanafunguka kwenye mapigo matatu tu, na yanapofunguka ndipo yanapokuwa na eneo la kupigika. Kwa hiyo mkuu wa #3 apumzike: ukiyatumia vibaya, unaadhibiwa kwenye mabawa.

Mwendo: hakimbii. Ile picha ya Deception ya mtu anayetembea katikati ya moto haiwezi kukaa na mtu anayekimbia. Badala yake, anapotembea mbele anapata uwezo wa kulipita pigo moja jepesi bila kusimama. Moja tu, na damu inakatika kama kawaida. La pili linamsimamisha. Anayepigana naye ajifunze kupiga mara mbili haraka, na anayemcheza ajifunze kuhesabu. Hapo nadhani hofu ya mkuu wa #2 inabaki hai, maana utakuwa unarudi nyuma ukimwona anakuja.

Watumwa: anaita roho ya mmoja wa wale watano, anapiga pigo lake moja maarufu, anatoweka. Kofia ya Kung Lao, teke la kivuli la Johnny Cage. Na hapa ndipo ninapotaka maumivu yawepo: pigo likikingwa, roho ile inakombolewa, haiitiki tena mpaka raundi iishe. Kwa hiyo ukimchezea pupa, unamaliza umebaki peke yako. Kama ilivyotokea kwenye hadithi.

Kamidogu bado sijui nizifanyeje. Sita ni nyingi kwa mita, kile kipimo cha nguvu kwenye skrini. Nimejaribu kuzifanya tatu nikaona ni kosa, maana sita ndiyo hadithi.

Reptile: hili ndilo ninalolipenda kuliko yote. Mwisho wa Deadly Alliance, 2002, gemu iliyotangulia Deception, Reptile alilikuta yai la joka na mwili wake ukachukuliwa ukawa mwili wa Onaga. Wakati wa kuingia ulingoni, wakikutana wawili hao, Reptile asiseme kitu. Anyamaze, atazame ngozi yake mwenyewe kwa mtu mwingine.

#13

Kamidogu sita ziweke uwanjani kwake tu, kwenye lile pambano la bosi. Hapo ndipo zilipokuwa. Wa kuchezeka asiwe nazo kabisa. Hadithi inasema zilivunjwa, kwa hiyo huyu tunayemshika ni Onaga aliyekwisha kuzipoteza.

#14

Mimi wa #2 tena. Na hapo ndipo anapoacha kuwa bosi bila kupunguzwa makali na sasisho. Amepungua kwa sababu Shujinko alimpunguza. Mimi sina tena la kupinga, mwanzisha uzi, isipokuwa lile la kukimbia. Arukeruke kidogo basi, hata mara moja, la sivyo Kabal, yule mpiganaji wa mbio, atamzunguka mchana kutwa.

#15 – Mwanzisha uzi

Pigo la tatu la mabawa ninalo bado halijapangiwa kazi. Anaruka nalo mbele, kishindo, anatua. Mara moja kwa raundi. Nimeliandika.